Mahindi ya Sandukuni

Katikati ya shamba la mahindi la skimu ya umwagiliaji kulikuwa na sanduku la chuma, pana kama kitanda cha watu wawili, lililozamishwa ardhini hata mdomo wake ukalingana na udongo. Mgeni asiyeambiwa angelipita bila kulitambua. Ndani yake mlikuwa na udongo uleule wa shambani, na mahindi ya mbegu ileile, yaliyopandwa siku ileile. Tofauti ilikuwa chini, katika shimo lililojengwa kwa saruji, ambamo sanduku zima lilikalia mizani. Kila jioni mizani ilionyesha kwamba uzito umepungua, na upungufu huo ulikuwa maji: mengine yamepaa kutoka udongoni, mengine yametoka majanini kama jasho linavyotoka mwilini. Kiasi kilichopotea sandukuni ndicho kilichohesabiwa kuwa kimepotea shamba zima. Kwa hesabu hiyo lango la mfereji mkuu lilifunguliwa, na kwa hesabu hiyohiyo likafungwa.

Aliyeisoma mizani alikuwa mtaalamu wa maji wa skimu, mwanamke mwenye sauti ya chini na viatu vya mpira visivyokaukiwa matope. Aliyelitunza sanduku alikuwa baba yake.

Baba huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na watu wote walimwita Rula. Jina hilo alipewa na wanafunzi, kwa kuwa alitembea na rula ya mbao kwapani, akipima nayo pambizo za madaftari, urefu wa kucha, na nafasi baina ya dawati na dawati. Alilijua, wala hakulichukia. Hata kupalilia hakwenda ila kwa shati lililopigwa pasi. Kamati ya maji ilipotafuta mtu wa kutunza eneo la sanduku na kufukuza ndege, alijitolea bila ujira, akisema kwamba kazi inayotazamwa na wageni haifai kuachiwa mtu anayechomekea shati upande mmoja.

Siku alipoanza kazi, binti yake alimpa onyo moja tu.

"Baba, nakuomba. Haya ya ndani usiyabague na ya nje. Ukipalilia ndani, palilia na nje. Ya nje yakikosa mbolea, ya ndani nayo yakose. Sanduku ni shahidi, na shahidi hapewi chai."

"Mimi nimefundisha mpaka mvi zikanitoka," akajibu. "Sikuwahi kuwa na mtoto kipenzi darasani."

Ndivyo alivyoamini. Hakukumbuka, au hakuona haja ya kukumbuka, kwamba wakaguzi walipofika shuleni kwake walipelekwa daima katika darasa moja tu, lile lenye vioo vyote madirishani.

Wageni wa sanduku walikuwa wengi: wanafunzi wa chuo, wakulima wa skimu nyingine, wakubwa wenye kofia pana na miwani ya giza. Mahindi yalipokuwa yangali magotini, mmoja wao aliinama, akaligusa shina lililopauka, akauliza huku akicheka, "Na huyu, mzee, ana malaria?" Wenzake wakacheka pia. Rula naye akatabasamu kwa adabu, lakini kicheko kile kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Wageni walipoondoka, aling'oa shina lile, akapandikiza jingine lililonawiri, alilolichimbua ukingoni pamoja na bonge la udongo wake. Baadaye aliona yaliyobaki nayo yamedhoofu, akaloweka samadi katika ndoo, akawa anayanywesha kwa birika. Kisha akapunguza mashina ya nje yaliyosongamana karibu na sanduku, ili ya ndani yapate hewa na yaonekane vizuri. Kila tendo kati ya hayo aliliita marekebisho. Hakumwambia binti yake, si kwa kumficha, bali kwa kuwa mtu hatangazi kwamba amefagia.

Mahindi yakaitikia. Yalipofika wakati wa kutoa mbelewele, yale ya sandukuni yalikuwa yameyapita ya nje kichwa na mabega, majani yake mapana, ya kijani kilichoiva.

Wa kwanza kusema neno alikuwa mlinzi wa lango la mfereji, mdogo wa marehemu mke wa Rula, mtu mnene wa vicheko aliyeitwa Kufuli kwa sababu funguo za lango zilining'inia shingoni mwake hata alipokwenda kuoga. Alipita ukingoni akiendesha baiskeli, akashusha mguu mmoja chini.

"Shemeji! Mbona mahindi yako yamesimama kama yanasubiri kupigwa picha?"

"Yamelelewa."

"Yamelelewa au yameoa? Hebu waone wenzao huko nje walivyo wanyonge. Haya ya kwako kesho yatadai viti!"

"Wewe chunga lango lako."

"Nalichunga. Lango halina maringo, shemeji. Ukilifungua linafunguka, ukilifunga linanyamaza. Siyo kama watu wengine na pasi zao." Akacheka, akakanyaga pedali.

Msimu huo namba ya mizani ilipanda, kisha ikapanda tena. Binti aliteremka shimoni, akaweka vyuma vya kupimia juu ya mizani, akakuta mizani haina kosa. Akarudi nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyesahau kitu njiani.

"Sielewi, baba," alisema walipokuwa wakila. "Jua likileta joto shambani, joto hilo lina njia chache tu za kupita. Litapasha udongo, litapasha hewa, au litatumika kugeuza maji kuwa mvuke. Nikipima joto la jua, halifiki kiasi kilichotumika kutoa mvuke sandukuni. Mahindi yale yanatumia joto kubwa kuliko yanaloletewa. Linatoka wapi?"

"Mizani ni nzima?"

"Ni nzima."

"Basi hesabu ni hesabu. Iandike."

Akaiandika. Kwenye ubao wa chaki ulioegemea nyumba ya lango, saa za kufungulia mashamba ya juu ziliongezwa, kwa kuwa hesabu ilisema mahindi yana kiu kubwa. Mfereji ni mmoja, na maji yaliyonyweshwa juu hayakufika chini. Zamu za mashamba ya chini zikawa fupi, mwishowe zikawa za jina tu. Huko mahindi yalikuwa yakitoa mbelewele, wakati ambao kukosa maji ni kukosa mavuno, na majani yake yakajikunja kama mikeka iliyowekwa kando. Wakati huohuo, mashamba ya juu yalikuwa na madimbwi. Vyura walilia humo mchana kweupe.

Wakulima wa chini walikuja ofisini na mashina yaliyokauka mikononi. Mwenyekiti wa kamati akaitisha mkutano ghalani, watu wakakaa juu ya magunia matupu na vigogo. Binti wa Rula alisoma hesabu yake kwa sauti ya chini, akasema wazi kwamba hawezi kueleza madimbwi yametoka wapi. Ndipo baba yake aliposimama.

Alisimama kama alivyokuwa akisimama mbele ya paredi ya asubuhi, mikono nyuma, kidevu juu.

"Jambo hili ni jepesi kwa mtu anayefikiri kwa utaratibu," alisema. "Mizani imepimwa, haina kosa. Mizani inasema mahindi yananywa maji yote yaliyoandikwa ubaoni. Kama yangefunguliwa maji yaliyoandikwa tu, yangenywewa yakaisha. Lakini kuna madimbwi. Basi yamefunguliwa zaidi ya yaliyoandikwa. Na nani ana ufunguo?"

Watu wote wakamgeukia Kufuli. Mkewe alikuwa ameketi kando yake, amempakata mjukuu.

"Shemeji," alisema Kufuli, akitabasamu bado, kwa kuwa alidhani utani unaendelea. "Unamaanisha mimi?"

"Udugu tuuweke kando. Mtu anayefungua lango kwa saa asizopewa, akawapa wengine maji ya wenziwe, ana jina moja tu. Ni mwizi."

Tabasamu lilikawia usoni pa Kufuli, kama taa inayozimika kwa kukosa mafuta. Alisema amefungua na kufunga kama ubao ulivyosema. Akasema tena. Mara ya tatu hakumaliza sentensi. Mwenyekiti aliamuru funguo zikabidhiwe, na kwamba mkutano ujao ndio utakaoamua kama yeye na familia yake watatoka katika nyumba ya lango, waliyoishi tangu watoto wao hawajaota meno. Kufuli alivua kamba ya funguo kwa kuipitisha juu ya kichwa, ikakwama sikioni, ikabidi mkewe amsaidie.

Rula alirudi nyumbani akiwa ametosheka. Hakufurahi, kwa maana marehemu mke wake alimpenda ndugu yule. Lakini alijiona mtu aliyeweka haki juu ya ujamaa, na mtu wa namna hiyo hula chakula chake kwa utulivu.

Binti hakula.

"Mjomba hajawahi kuiba hata embe," alisema.

"Hesabu ndiyo iliyosema, si mimi."

Adhuhuri moja, kabla ya mkutano wa pili, binti alikwenda shambani na kipimajoto alichokiazima chuoni, kifaa cha kushikwa mkononi kama bastola, kinachosoma joto la jani kwa kuelekezewa tu. Jua lilikuwa la utosi. Upepo ulikuja kutoka mashamba ya chini, mkavu, wa moto kama pumzi ya tanuri. Rula alikuwa ukingoni akiondoa magugu, shati lake limelowa mgongoni. Alimwona bintiye akielekeza kifaa kwenye mahindi ya nje, kisha ya ndani, kisha ya nje tena, kisha akivuta tepu kupima urefu. Moyo wake ukajaa. Kwa muda mrefu alikuwa akingoja mtu wa elimu ayatazame kwa makini namna hiyo.

"Yamependeza, sivyo?" alisema akimsogelea.

"Baba, ya ndani yana ubaridi kuliko ya nje. Sana. Yanatoa jasho kama yaliyotoka kukimbia." Aligeuka. "Na ni marefu. Mbona ni marefu hivi? Nilikuwa nashuka shimoni kila siku kutazama mizani, sikuinua macho."

"Hayo hayakuja hivihivi," alijibu Rula, na hapo akaeleza yote: shina lililopauka na mgeni aliyecheka, birika la samadi, mashina ya nje aliyoyang'oa yasisonge. Alieleza kwa mpangilio, kama mtu anayesoma ripoti ya mwaka mbele ya wazazi, na alipomaliza alingoja kusifiwa.

Binti yake aliketi chini, juu ya tuta, katika matope.

"Umechafua sketi," alisema Rula.

"Baba, nguo ukiilundika ndani ya beseni na nyingine ukiianika kambani, ipi inakauka haraka?"

"Ya kambani. Swali gani hilo?"

"Kwa nini?"

"Upepo unaipiga pande zote."

Alikuwa bado ameinua mkono kuonyesha pande zote alipoacha kusema. Aliyatazama mahindi yake yaliyochomoza juu ya wenzao, na nafasi aliyoyafanyia kandokando, na upepo wa moto ukipita juu ya yale mafupi na kuja kuyagonga haya mbavuni. Majani yake mapana yalipepea kama shuka.

"Hilo ndilo joto nililokuwa nalitafuta," alisema binti, akiwa bado amekaa. "Halikutoka juani peke yake. Lililetwa na upepo kutoka shamba zima, na haya yakalitumia kutoa mvuke. Mizani haikudanganya. Ila haikuwa inapima shamba. Ilikuwa inapima haya tu. Maji mengi niliyoandika ubaoni, shamba halikuyahitaji. Ndiyo yaliyokuwa madimbwi."

"Kwa hiyo Kufuli…"

"Mjomba alifungua nilichoandika. Na niliandika ulichopanda."

Rula alitafuta jibu. Mtu aliyezoea kusahihisha wengine huwa na majibu mengi, na yote yalimjia: kwamba nia ilikuwa njema, kwamba hakuelezwa vya kutosha, kwamba hata wakulima wengine wangefanya hivyo. Yote yalianguka kabla ya kufika mdomoni, kwa sababu alikuwa ameelezwa. Alielezwa kwa lugha nyepesi, akajibu kwa majivuno. Alijikuta akifunga kifungo cha shati ambacho tayari kilikuwa kimefungwa.

"Kesho nitawaambia mizani ilikuwa na hitilafu," alisema binti, akiinuka. "Mjomba atarudishiwa funguo. Wewe hutatajwa."

Palikuwa pahali pa kusema hapana. Maisha yake yote aliwafundisha watoto wa watu kusema hapana mahali kama hapo, na aliyeshindwa alimsimamisha mbele ya darasa.

"Fanya hivyo," alisema, na hakumtazama.

Ghalani siku iliyofuata joto lilikuwa kali, na bati la paa lilikuwa likilialia. Kufuli alikaa mlangoni badala ya mbele, kifua wazi mahali zilipokuwa zikining'inia funguo. Binti alisimama, akasema kwamba hesabu ya msimu ilikuwa kubwa kupita kiasi, kwamba madimbwi yalitokana na hesabu hiyo na si na wizi, na kwamba sababu ni hitilafu ya kifaa.

Minong'ono ikapanda. Mwanamke mmoja wa mashamba ya chini akainuka.

"Hitilafu gani? Siku ile si mlisema mizani ni nzima?"

"Nilikosea," alisema binti.

"Ulikosea! Mahindi yangu yamekauka, wewe unasema 'nilikosea' kama mtu aliyemwaga chai?"

"Nani mwenye dhamana ya kifaa hicho?" aliuliza mwenyekiti.

"Ni mimi."

"Basi ni uzembe wako."

Binti aliinamisha kichwa. "Ndiyo, mwenyekiti. Ni uzembe wangu."

Rula alikuwa ameketi safu ya mbele, shati limepigwa pasi. Alimsikia mtoto wake, aliyemfundisha mwenyewe kutosema uongo hata kwa mzaha, akisema uongo hadharani, na alifahamu kwamba uongo ule ni mali yake, ila mwanawe ndiye aliyeubeba. Alisimama bila kuomba ruhusa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi niliyeyapa mahindi ya sandukuni samadi, nikang'oa ya jirani. Aliniambia nisiyabague. Nikayabagua, kwa ajili ya wageni. Hesabu ikaharibika kwa hilo. Mlinzi wa lango hakuiba."

Alisema kwa sauti ndogo, akiitazama sakafu. Waliokaa nyuma waliulizana, "Kasema nini?" Mtu mmoja akacheka, "Rula amepinda!" na kicheko kikasambaa, kile kicheko chepesi cha darasa ambalo mwalimu amejikwaa. Rula alitaka kuketi.

"Shemeji, usikae."

Alikuwa Kufuli, kutoka mlangoni. Hakuwa na utani usoni.

"Siku ile ulisema neno moja mbele ya mke wangu na mjukuu wangu. Ulilisema kwa sauti ya paredi. Watu wa barabarani walilisikia. Mtoto ameniuliza, 'Babu, mwizi ni nini?' Leo unanong'ona kama mgonjwa. Mimi huku mlangoni sikusikia. Sema tena, kwa sauti ileile."

Hakuna aliyecheka tena. Rula alipeleka mikono nyuma kwa mazoea, kisha akairudisha ikaning'inia, kwa kuwa mkao ule haukuwa wake siku hiyo. Akainua kichwa, akamtazama Kufuli, akapaza sauti iliyowahi kuamrisha shule nzima.

"Mlinzi wa lango hakuiba! Nilimwita mwizi, na kosa lilikuwa langu! Binti yangu naye hana uzembe! Kosa ni langu!"

Sauti iligonga bati ikarudi. Nje, mtu aliyekuwa akipita na toroli alisimama kusikiliza. Mjukuu wa Kufuli alianza kulia kwa ule mshtuko, bibi yake akambembeleza.

Funguo zilirudishwa. Zamu zikapangwa upya, na maji yakateremka chini; mahindi mengine yaliwahi kupona, mengine hayakuwahi. Rula aliomba apewe adhabu, lakini kamati ilimwambia aendelee tu kutunza eneo lake, na hilo likawa zito kuliko adhabu. Aliuliza kama ayakate mahindi ya sandukuni.

"Yaache," alisema binti yake. "Msimu huu nitakadiria kwa kipimajoto na hali ya hewa. Hayo yaache yakomae."

Yakakomaa. Yalizaa mahindi manene, yenye punje zilizojipanga bila kasoro, na kila mgeni aliyefika aliyasifu kuliko yote shambani. Kila mara Rula alivua kofia, akawaeleza kwa nini yanasifika na kwa nini hayafai kitu, wala hakuruka sehemu yoyote. Kisha alirudi nyumbani kwa njia ndefu ya mashamba ya chini, ambako watu walikuwa wakivuna magunzi yenye mapengo kama vinywa vya wazee. Walimwitikia salamu. Hakuna aliyemsimamisha kuzungumza.

Njia hiyo inapita langoni. Zamani Kufuli alikuwa akimpigia kelele tangu mbali, shemeji hivi, shemeji vile, na Rula alikuwa akimkemea kwa kukosa adabu mbele za watu. Sasa, akimwona, Kufuli huacha alichokishika, husimama wima, na kumwamkia kwa heshima timilifu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, shemeji," hujibu Rula, na husimama kidogo, akingoja.

Kufuli huinama juu ya gurudumu la lango, hulizungusha, na maji huanza kupita kati yao, kwa kiasi kilichoandikwa ubaoni.